Pampu Iliyong'olewa Kabla Mlango Haujafungwa

Mmenichosha. Kila nikikaa nipumzishe magoti, kuna mtu ananisogelea na macho ya kuomba: bibi, tusimulie ya yule fundi. Kuna utamu gani humo? Hakuna jini lenye kwato, hakuna mchawi aliyekutwa uchi juu ya paa. Kuna wanaume wawili wa tumbo moja na kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Shule niliiacha kabla haijanizoea, lakini nimeona bora niiandike, herufi zikitawanyika kama kuku, ili anayeitaka akaisome pembeni na aniache na magoti yangu.

Fundi mwenyewe alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Watu walimwita Sikio. Alikuwa akiweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha akaigusisha kwenye injini inayounguruma, akafumba macho, kisha akakwambia injini inaumwa wapi. Mimi nimeshakaa hospitali toka asubuhi mpaka jioni nikatoka na vidonge vya rangi mbili na hakuna aliyeniambia naumwa wapi.

Kazi yake ilikuwa mafuta. Malori ya dizeli, yale ya zamani yenye pua ndefu. Alikuwa akisema lori la dizeli linaishi kwa kuvuta: pampu ivute mafuta kutoka kwenye tangi, iyafikishe mbele, basi. Pampu ikilegea, gari linakufa hapohapo lilipo, na hapo lilipo panaweza kuwa katikati ya mlima na tani kumi mgongoni.

Tabu ilikuwa kwamba malori yale viwanda vyake vilishaacha kuyatengenezea vipuri. Pampu zote zilikuwa za kuigiza. Nyingine nzuri kuliko zile za mwanzo, nyingine makopo yaliyopakwa rangi. Kuchagua ndiko kulikomtofautisha Sikio na mafundi wengine. Alizipima kiganjani kwanza. Nyepesi aliirudisha bila neno. Alipitisha ukucha kwenye kingo, zikikwaruza, aliirudisha. Halafu kipimo cha mwisho. Aliziba tundu la kuvutia kwa kidole gumba, akabonyeza kile kiwiko cha pembeni cha kuvutia mafuta kwa mkono mara tatu, akaachia. Pampu nzima hukinyonya kidole. Hukishika kama mtoto mchanga anavyoshika titi, nawe unahesabu. Ukifika ishirini bado imeshika, hiyo ifunge. Ikiachia kabla ya kumi, mrudishie mwenye duka na umuulize kama na yeye ana mama.

Na alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume. Mama yao alikufa Sikio akiwa na miaka kumi na minne na huyu mdogo hajaota jino. Sikio alimfunga mgongoni kwa shuka la mama yao akaenda naye gereji kuosha vyuma, mvulana mzima na kichanga mgongoni. Watu walicheka wakachoka, yeye hakugeuka. Mtoto akakua, akakua, akapitiliza. Wakamwita Twiga. Akawa dereva wa lori, kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho na bado magoti yanatafuta pa kwenda. Hakuoa. Alikaa chumba cha uani kwa kaka yake, akimtania mdogo wangu kwamba akipata mke anayepika vibaya kama shemeji yake ndipo ataoa, maana ameshazoea.

Sasa pale gereji palikuwa na sheria moja ambayo mwenye gereji aliikuta kwa baba yake, na baba yake hakumweleza ilikotoka. Lori likianguka na dereva akafia ndani, likivutwa gereji, haling'olewi hata nati moja mpaka mtu wa marehemu aje. Mama, mke, kaka, yeyote wa damu. Anakuja, anaufunga ule mlango wa dereva kwa mkono wake mwenyewe, anaondoka. Baada ya hapo ndipo vyuma vinakuwa vyuma. Mafundi waliitii kama wanavyotii kutovuta sigara karibu na petroli.

Mwaka mmoja, nyuma ya ukuta wa gereji, palikuwa na lori moja la namna hiyo. Lilibeba mbao, likaacha barabara, dereva wake akafa akiwa amebakiza kona tatu tu afike nyumbani kwao. Mlango wa dereva ulikuwa wazi unaning'inia. Miezi miwili, hakuna aliyekuja. Mama wa marehemu, walisema, alikuwa mgonjwa wa kifua. Walisema na mengine: kwamba mazikoni hakulia, na kwamba kila jua likitua anasimama barabarani mbele ya nyumba yake akiita jina la mwanawe. Wakishasema hivyo walikuwa wanashusha sauti na kumaliza kwa kusema yule bibi si mtu wa kawaida. Mwanamke akizeeka peke yake hakosi kupewa ungo wa kurukia.

Lori la Twiga likaanza kufa.

Pampu ya kwanza ya dukani ilikaa siku tisa. Ya pili ilipasuka ngozi yake ya ndani, dizeli ikaingia kwenye oili, Sikio akaiona mapema kwa harufu. Ya tatu iliachia mlimani, Twiga akiwa na shehena ya saruji. Injini kimya. Usukani ukawa mgumu kama umesimikwa, lori likaanza kurudi kinyumenyume, taratibu kwanza, halafu si taratibu. Gurudumu la nyuma likaingia mtaroni ndipo likasimama. Twiga alirudi nyumbani akiisimulia kama kichekesho, jinsi alivyokuwa akiliomba radhi kila jiwe analolipita. Mdogo wangu anasema alicheka mpaka alipoona Twiga akimimina chai nje ya kikombe.

Sikio hakucheka. Kesho yake alizunguka maduka yote ya vipuri, moja baada ya jingine, kidole gumba kikawa cheusi na kimevimba. Iliyoshika sana ilishika mpaka nane. Na Twiga alikuwa na safari jioni hiyohiyo, mzigo uleule, mlima uleule. Sikio alimwambia asiende. Twiga akamjibu kwamba asipoenda yeye mwenye lori atampa mwingine, na huyo mwingine hana kaka.

Basi, jua likiwa linazama, mafundi wamekwenda kunawa, Sikio alichukua spana namba kumi na tatu akapita nyuma ya ukuta.

Alijiambia anakwenda kuangalia tu.

Lori la mbao lilikuwa limekaa upande, kichwa kimebonyea, nyasi zimeshaanza kupanda kwenye gurudumu. Harufu ya dizeli ya zamani na udongo mbichi. Pampu aliiona mara moja. Ilikuwa ya kuigiza, lakini ya wale wanaoheshimu kazi yao, nzito, kingo laini. Aliifuta kwa kitambaa. Akachomoa bomba, akaziba tundu kwa kidole, akiwa bado hajafungua nati, akabonyeza kiwiko mara tatu.

Ikashika.

Kumi. Ishirini. Thelathini na bado.

Alitazama ule mlango uliokuwa wazi. Aliniambia mimi mwenyewe, miaka baadaye, kwamba hapo alisimama akaifikiria ile sheria, na alichokiona kichwani ni lori la mdogo wake likirudi kinyumenyume. Akafungua nati ya kwanza. Akafungua ya pili. Pampu ikaja mkononi, yenye uvuguvugu kama yai lililotoka chini ya kuku, kwenye gari lililolala baridi miezi miwili.

Mlango ukalia... kriii... na upepo haukuwepo.

Halafu sauti, chini kabisa, ya mtu aliyechoka na safari.

"Fundi... tayari?"

Sikio alidhani ni mteja ng'ambo ya ukuta. Ndivyo alivyojiambia. Akajibu, mjinga yule. Akajibu.

"Tayari."

Akaondoka haraka bila kugeuka nyuma.

Aliifunga kwenye lori la Twiga kwa umakini ambao hajawahi kuutumia kwa gari la mtu. Alikwangua sehemu ya kukalia mpaka ikang'aa, akaweka gasketi mpya ya kuziba mwanya, akabana nati mbili kwa zamu, kidogo huku, kidogo huku, ili isikae upande. Akalegeza skrubu ya chujio akasukuma kiwiko mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikatoka safi. Injini ilishika kwa mguso wa kwanza. Aliweka bisibisi sikioni. Hakusikia ugonjwa wowote.

Twiga aliinama chini ya boneti akaiangalia, akauliza kaka ameipata wapi.

"Dukani," Sikio akasema. "Ilibaki moja."

Twiga akamtania kwamba kumbe kila siku anaficha vizuri kwa ajili ya wateja wenye wake wazuri, akapanda, akaenda. Akaupanda ule mlima kama anapanda ngazi ya nyumbani. Akarudi salama. Siku ya pili salama, ya tatu salama. Mdogo wangu anasema siku zile mumewe alikula mpaka akalamba sahani.

Siku ya nne mama wa marehemu akaja.

Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, amevaa viatu vya kiume vinavyomzidi. Aliwasalimia mafundi mmoja mmoja, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema kifua kilimlaza. Mwenye gereji akamwongoza nyuma ya ukuta, na mafundi wakafuata wakavua kofia. Sikio alisimama mwisho. Alikuwa amepaka matope pale pampu ilipotoka.

Mama yule hakuangalia injini. Aliushika mlango kwa mikono miwili akausukuma. Ukafunga, halafu ukarudi. Akausukuma tena. Ukarudi. Mara ya tatu alijitupa nao kwa bega, na ukarudi taratibu, ukafunguka mpaka mwisho, kama mlango wa chumba ambacho hakina mtu.

Alisimama akihema. Kisha akasema bila kumtazama yeyote:

"Ameshatoka. Nani amemtoa?"

Mwenye gereji alijaribu kusema pengine bawaba zimepinda. Yule mama alivitazama viatu vya kila fundi, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwenye viatu vya Sikio alikaa hapo kidogo. Akasema kwamba yeye anamwita mwanawe kila jioni aje, na jioni tatu hizi amesikia lori likifika langoni, likiunguruma, halafu likiondoka. Alidhani ni kifua kinamzuga. Sasa anataka kujua tu, nani amemtoa, na amempeleka wapi.

Sikio angesema pale. Neno moja lingetosha, na pampu ingerudi, na mlango ungefungwa, na mimi nisingekuwa naumiza mkono huu kuandika. Aliangalia chini. Twiga alikuwa na safari jioni ile.

Mama akaondoka na viatu vyake vikubwa.

Wa kwanza kuona ni mdogo wangu, kwa sababu wanawake ndio wanaojua nani anakula nini. Twiga alianza kuomba chumvi. Tangu utoto wake chakula kikizidi chumvi hata chembe alikuwa anasukuma sahani. Sasa anaomba chumvi na kuongeza. Akaanza kuvua viatu mlangoni na kuvipanga. Akawa hatanii tena. Jioni anachelewa, na akiulizwa alikuwa wapi anasema foleni, na akibanwa anasema hajui. Kwamba anashusha mzigo, anawasha gari kurudi nyumbani, na anaposhtuka yuko mbele ya nyumba yenye lango la mabati, taa ya chemli inakuja, na moyo wake umejaa furaha mpaka machozi yanamtoka. Halafu anashtuka tena yuko kwenye usukani, hajui muda umekwendaje, anageuza lori, anarudi.

"Nimechoka tu, shemeji," akasema.

Halafu Sikio akakiona kiti.

Alikwenda asubuhi kuangalia maji ya lori, akachungulia ndani. Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele kabisa. Mbele kabisa, mpaka karibu kinagusa usukani, kama cha mtu mfupi. Akamuuliza Twiga. Twiga akapanda, akaketi pale magoti yakiwa yamekunjwa mpaka karibu na kidevu, na usukani umemzama tumboni, akamtazama kaka yake kama haoni kilichoharibika.

"Hapa ndipo nakaa siku zote," akasema.

Sikio hakulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda akakisugua kidole gumba mpaka mdogo wangu akamwashia taa kumuuliza ana nini. Ndipo akamwambia yote, na mdogo wangu, ambaye hajawahi kunisikiliza mimi lakini mara mojamoja ana akili, akamwambia aing'oe hiyo pampu kesho, airudishe ilikotoka, akapige magoti kwa yule mama.

Kesho yake alimngojea Twiga gereji. Lori liliingia jua likielekea kutua, mafundi wakikunja kazi. Sikio akamwambia azime. Twiga akavuta kamba ya kuzimia. Injini ikaendelea. Akaivuta tena. Ikaendelea kuunguruma, tulivu, sawasawa, kama mtu anayesikia lakini hana haja ya kujibu.

Sikio akafungua boneti na spana yake mkononi.

Akaangalia.

Akapangusa macho, akaangalia tena.

Pampu haikuwepo.

Palikuwa na matundu mawili ya nati, matupu. Bomba la kutoka kwenye tangi lilikuwa linaning'inia, mdomo mkavu, umejaa vumbi. Bomba la kwenda mbele lilikuwa kavu vilevile. Hakuna tone. Hakuna harufu ya dizeli hata kidogo. Palikuwa na harufu ya udongo mbichi. Na injini inazunguka.

Alipeleka mkono pale pampu ilipopaswa kuwa. Hewa ya pale ilikuwa vuguvugu. Na kitu kikamshika kidole gumba... taratibu... kikakinyonya.



Juu, dirishani, Twiga alikuwa ametoa kichwa. Uso ni wake, shingo ndefu ni yake. Sauti haikuwa yake.

"Fundi... tayari?"

Sikio aliuvuta mkono mpaka ngozi ikabaki. Lori likaanza kusogea. Alikimbia upande wa pili, akafungua mlango, akajirusha ndani akakaa kando ya mdogo wake. Akamwita. Akamtikisa bega. Twiga aliendesha akiwa amekunjamana kwenye kile kiti, akitabasamu kidogo, macho barabarani. Walipanda ule mlima bila kubadili gia. Wakafika kwenye zile kona tatu za mwisho. Pale kwenye kona lori la mbao lilipoacha njia, Twiga aliondoa mkono mmoja kwenye usukani, akajipangusa uso, kama mtu aliyeamka usingizini wakati muafaka.

Langoni mwa mabati palikuwa na taa ya chemli.

Lori likazima lenyewe.

Twiga akashuka, akaenda mlangoni, akavua viatu akavipanga. Mlango ulikuwa mfupi. Hakuinama vya kutosha, paji la uso likagonga kizingiti cha juu, damu ikatoka, hakuigusa. Akaingia. Sikio akafuata.

Chumba kimoja na pazia. Meza, viti viwili, sahani mbili zilizofunikwa. Yule mama alikuwa amesimama na kitambaa, akamfuta Twiga damu. Kisha akamgeukia Sikio akamwambia akae. Sikio hakukaa. Alipiga magoti sakafuni na maneno yakamtoka yote kwa pamoja, pampu, mlima, maduka, ile nane, mtoto mgongoni, mlango. Alisema alitaka tu pampu moja ya kuaminika. Alisema alikuwa anaogopa. Alimwomba amwachie mdogo wake.

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo, aliniambia Sikio, ndilo lililomtisha kuliko kila kitu.

"Watu wanasema mimi mchawi," akasema. "Sijui uchawi. Nilimwita tu. Kama unavyomwita mtoto aje ale."

Akakaa. Akasema anaona kwamba sura si ya mwanawe, ana macho. Siku ya kwanza alipoingia huyu mrefu alitaka kupiga yowe. Lakini alipofungua mdomo, kijana alimuuliza kama amekunywa dawa ya kifua, ile ya chupa, vijiko viwili, na kama bado anaificha nyuma ya debe la unga ili asiinywe. Nani mwingine angejua hilo?

"Wewe ulimtoa bila kumuaga," akamwambia Sikio. "Mimi nilimwita bila kumwona. Tumewachanganya sisi wawili. Siwezi kuwachambua. Lakini sitaki cha mtu. Mwite wako. Akigeuka, mchukue na sitamwita tena."

Twiga alikuwa ameketi mezani, mgongo kwao, akifunua sahani.

Sikio akamwita kwa jina la utani. Mgongo haukutikisika. Akamwita jina alilopewa na mama yao, ambalo hakuna aliyelitumia tangu mazishi yake. Kijiko kikaendelea. Akamwita kwa vile vijineno alivyokuwa akimwitia alipokuwa mgongoni, vya kubembelezea, vya kipuuzi, mwanaume wa miaka karibu hamsini amepiga magoti anasema vijineno vya kitoto mbele ya mwanamke asiyemjua. Akaja mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili yenye grisi.

Twiga alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyechanganyikiwa.

Yule mama alifumba macho. Nadhani hata yeye hakutaka. Ninaandika nadhani, sikuwepo. Akaita jina la mwanawe, mara moja, kwa sauti ya chini.

"Naam, mama," akaitika, na akasimama.

Sikio alirudi kwa miguu. Alifika gereji kunapambazuka, akapita nyuma ya ukuta kutafuta pa kuombea radhi. Mlango wa lori la mbao ulikuwa umefungwa.

Alivuta kitasa. Akaleta mtaimbo. Haukufunguka, na mpaka leo haujafunguka. Mwenye gereji alileta wakata vyuma mara mbili, na mara zote mbili waliangalia dirishani, wakafunga vifaa vyao, wakaondoka. Kioo kina ukungu kwa ndani. Hata jua la saa saba haliuondoi. Na asubuhi nyingine, siyo zote, katikati ya ukungu kuna alama ya kiganja. Kirefu. Vidole virefu sana. Bati la mbele, usawa wa chini ya usukani, pale palipobonyea, limetuna nje, limesukumwa kutoka ndani, kama mtu anayetafuta pa kuweka magoti.

Wengine wanasema Twiga aligonga kichwa na akapoteza kumbukumbu, na kwamba hospitali wanalijua jina la ugonjwa huo. Pengine. Hospitali wanayajua majina mengi. Lakini kile kioo ugonjwa huo haukielezi.

Mdogo wangu alitaka wahame. Sikio alikataa. Kila asubuhi kabla ya kazi anakipangusa kile kioo kwa nje, kwa kitambaa safi, anaegemeza sikio. Hasemi anachokisikia, na mdogo wangu aliacha kumuuliza.

Na kuna lile lori jingine. Yule kijana mrefu bado analiendesha, anamtunza yule mama, amemnunulia viatu vinavyomtosha. Ni mtu mzuri. Kila mwezi analileta gereji, kwa sababu ameambiwa hakuna fundi wa pampu anayemshinda Sikio. Sikio anafungua boneti, anafanya kazi yake, hapo pa matundu mawili hapatazami. Kijana anangoja kivulini, magoti yamekunjwa. Kazi ikiisha anamsogelea yule aliyembeba mgongoni kwa shuka la mama yao, anainamisha kichwa kwa heshima, anasema:

"Shikamoo, fundi. Sijui kama tunafahamiana, lakini mama anakusalimu."

Na Sikio, kila mwezi, miaka kumi na saba sasa, hana budi kuitika marahaba.